Angani kilomita 241, barabarani 634

Saa kumi na moja alfajiri, mlango wa nyuma wa kituo cha kutotolesha vifaranga unafunguliwa, na kabla mtu yeyote hajasalimia, Mama Upepo amekwishaingiza mkono ndani ya boksi la kwanza. Haangalii kilichomo. Ameinamisha kichwa upande mmoja, macho ameyafumba, anasikiliza.

"Hawa wana baridi," anamwambia mfanyakazi wa zamu. "Mliwaweka karibu na mlango. Wasogezeni."

Wanasogezwa bila ubishi. Hapa kituoni hakuna anayebishana na masikio ya mwanamke huyu. Kifaranga mwenye baridi hulia kwa sauti ya juu, anaeleza. Mwenye joto hutandaza mabawa, hutweta, halafu hunyamaza. Aliye salama hunong'ona tu, na boksi zima la walio salama linasikika kama mvua nyepesi kwenye majani. Yeye anachokiogopa ni kimya.

Kazi yake ni kusindikiza vifaranga wa siku moja kutoka mji huu hadi mji mwingine mkubwa, ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani. Ana umri wa miaka arobaini na minne na watoto watatu, na kwa miaka tisa amekwenda na kurudi kila wiki, ukiacha wiki mbili alizojifungua mtoto wa mwisho. Jina la Mama Upepo alipewa na madereva, kwa kuwa hilo ndilo neno analolidai njia nzima.

Leo maboksi yamepangwa mafungu mawili, ishirini kulia na ishirini kushoto. Ya kulia yatapanda gari lake. Ya kushoto yanakwenda uwanja wa ndege.

Mnunuzi ni chama cha wafugaji, wanawake watupu, ambacho huchukua vifaranga elfu nne kila wiki. Mwezi uliopita wakala wa mizigo ya ndege alihudhuria mkutano wao, akatoa simu, akawaonyesha ramani yenye mstari mmoja mwekundu kati ya miji hiyo miwili. Kilomita 241, akasema, dakika hamsini. Barabara inayolizunguka ziwa, ikapanda mlima na kushuka upande wa pili, ni kilomita 634. Siku njema ni mwendo wa saa kumi na tatu.

Mwenyekiti wa chama hakutaka maneno mengi. Alisema vifaranga wa mtotoleo mmoja wagawanywe siku moja, nusu angani na nusu barabarani, halafu wahesabiwe walio hai. Atakayeshinda atapewa kazi yote.

"Ule mstari ulinyooka mpaka ukaniudhi," Mama Upepo anasema huku akikaza kamba. "Mimi njia hiyo naijua kwa matako. Hakuna mahali hata pamoja imenyooka hivyo."

Ndege ikishinda, unga wake umemwagika. Kwa safari moja analipwa elfu arobaini, na fedha hiyo ndiyo inayomweka binti yake mkubwa katika chuo cha uuguzi, ambako amebakiza mwaka mmoja na nusu. Mume wake ni fundi cherehani, na cherehani, kwa maneno yake mwenyewe, inatosha kula tu.

Kuna jambo moja la desturi ambalo msomaji anapaswa kulijua mapema. Boksi la vifaranga mia moja halina mia moja. Lina mia moja na wawili. Kila kituo cha kutotolesha huongeza wawili katika kila mia, bure, kufidia watakaokufa safarini. Hawauzwi, hawaandikwi popote, na wafanyakazi huwaita "wa barabara". Wakifa wawili katika boksi, hakuna aliyekosa kitu. Akifa wa tatu, anakatwa kwenye malipo ya msindikizaji.

Saa kumi na moja na dakika ishirini, magari mawili yanatoka lango moja. Moja linakata kushoto kwenda uwanja wa ndege, ambako mizigo hupokelewa muda wa saa nne kabla ya kuruka. La Mama Upepo linakata kulia.

Ni gari dogo la mizigo, pembeni limefungwa wavu badala ya bati. Dereva ni mdogo wake mume. Yeye humwita dereva shemeji na dereva humwita yeye shemeji, kwa hiyo humo ndani jina ni moja na hawachanganyikiwi. Mwandishi wa habari hii amebanwa katikati, magoti yakigombana na gia.

Redio ipo, nzima kabisa, na haijawahi kuwashwa gari likiwa na mzigo. Mama Upepo hawezi kuwasikia walio nyuma ikiwa kuna mtu anaimba mbele. Dereva amekwishakata rufaa mara nyingi. "Miaka sita," analalamika, "na wimbo ninaoujua ni huu wa nyuma tu."

Kila baada ya muda mfupi mwanamke anageuka, anafungua kidirisha kilicho nyuma ya kiti, anaingiza mkono mpaka begani, anagusa, anafunga. Anatazama saa. Anatazama jua. Anafungua tena. Katika kilomita mia moja za kwanza mwandishi alimhesabia mara kumi na moja, kisha akaacha kuhesabu na kuanza kuitazama saa na yeye.

Sheria ya gari hili ni kwamba halisimami. Kifaranga wa siku moja haombi chakula wala maji, kwa sababu ametoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni inayomtosha siku mbili, hata tatu. Anachohitaji ni hewa inayotembea. Gari likienda, hewa inapita kwenye wavu. Likisimama juani, vifaranga elfu mbili wanaanza kupashana joto wenyewe, na ndani ya robo saa wa katikati wanaanza kufa. Ndiyo maana chakula huliwa mwendoni. Haja ndogo ina vituo viwili, dakika nne kila kimoja. Ugomvi wa kifamilia nao hufanyika mwendoni.

Sheria hiyo ililipiwa. Miaka tisa iliyopita Mama Upepo alikuwa mchaguzi wa vifaranga hapo kituoni, akitenga wazima na wenye kasoro, wala hakuwa amewahi kuvuka mpaka. Dereva wa wakati huo alisimama njiani kula, akafunga milango vizuri ili mzigo usiibiwe, akakaa dakika arobaini. Alipofungua, vifaranga elfu moja na mia tatu walikuwa wamekufa. Akageuza gari akarudi nao.

"Mimi ndiye niliyetumwa kuwamwaga," anasema. "Niliwachota kwa koleo. Asubuhi yake nilikuwa nimewashika mmoja mmoja kwa mikono hii, nikiwaangalia miguu na vitovu. Nikamwambia meneja, wiki ijayo nakwenda nao. Akaniuliza watoto nitamwachia nani. Nikamwambia, wana baba."

Baba huyo alifikiwa kwa simu, cherehani ikisikika nyuma yake. Anasema mke wake hajawahi kukaa kitako tangu siku ile. Nyumbani madirisha hayafungwi hata mvua ikinyesha, chakula anakula amesimama, na wageni wakija anawauliza kama hewa inawatosha. "Nilioa mchaguzi," anasema, "nikaletewa kiguu na njia."

Saa tano na dakika kumi, mbele kuna foleni. Barabara inatengenezwa, upande mmoja umefungwa, na mtu mwenye kibendera chekundu ameketi juu ya ndoo akisubiri ruhusa ya mtu mwingine mwenye kibendera asiyeonekana.

Mama Upepo yuko chini kabla magurudumu hayajatulia. Milango ya nyuma wazi. Maboksi ya juu yanashushwa na kupangwa kwenye kivuli cha lori lililo mbele. Vifuniko viwili amekwishavichomoa na kuwatia mikononi utingo wawili wa lori hilo, ambao walikuwa wamelala chini ya tela na hawajajua wameamshwa na nani.

Mmoja wao anauliza anapepea kwa ajili gani.

"Pepea kwanza, mwanangu," anajibiwa. "Maelezo yanakuja."

Katikati ya heka heka hiyo simu inaita. Ni katibu wa chama kutoka ng'ambo, na furaha yake inasikika mpaka kwa mwandishi. Ndege imetua. Imeruka saa nne kamili na imetua saa tano kasoro dakika kumi, kama wakala alivyoahidi. Mama Upepo anashukuru kwa heshima, anauliza hali ya watoto, anakata simu. Kisha anachukua kifuniko kingine na kuanza kupepea mwenyewe, haraka kuliko utingo wote wawili.

"Unajua inavyouma?" anasema bila kugeuka. "Mwenzako keshafika, keshaoga, anakunywa chai. Wewe bado unatafuta kiatu cha pili."

Foleni inachukua dakika ishirini na mbili. Katika boksi la tisa kuna wanne waliokufa. Anawatia kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga fundo, anauweka chini ya kiti. Kwa kilomita themanini zinazofuata hata dereva hazungumzii redio.

Wanafika mpakani saa tisa kasoro robo. Wamekwenda kilomita 410.

Daktari wa mifugo wa upande wa pili ni mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ofisi yake hufungwa saa kumi kamili. Anafungua boksi moja, anatazama macho ya vifaranga, anatazama vitovu, anauliza swali aliloliuliza kila wiki kwa miaka tisa: wa barabara wapo? Wapo, daktari, wawili wawili. Anagonga muhuri kwenye hati iliyoandikwa elfu mbili. Shughuli nzima imechukua dakika nane.

Mama Upepo ana mguu mmoja garini simu inapoita tena. Safari hii ni meneja wa kituo cha kutotolesha, na sauti yake imekauka.

Wale wa ndege hawajatoka uwanjani. Ofisa wa ukaguzi alifungua boksi, akahesabu, akapata mia moja na wawili. Akafungua la pili, mia moja na wawili. Hati inasema vifaranga elfu mbili, maboksini wamo elfu mbili na arobaini, na ofisa anataka kujua hao arobaini wameingia nchini kwa ruhusa ya nani. Ameelezwa kwamba ni nyongeza. Amesema neno nyongeza halimo kwenye hati. Mzigo umezuiwa ghalani mpaka ipatikane hati mpya kutoka makao makuu, labda kesho. Ghala ni la bati.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Hati ziliandikwa hivyohivyo tangu zamani, kwa sababu mpakani kila mtu anawajua wa barabara. Wakala wa ndege aliinakili hati ya wiki iliyotangulia neno kwa neno, akabadili idadi tu, akaenda nayo mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia habari zao.

Dereva amesikia yote. Anawasha gari.

"Shemeji, hii bahati imetufuata yenyewe," anasema. "Hatukumroga mtu. Muhuri tunao. Twende zetu."

Mama Upepo anasimama hapo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mkono kwenye mlango. Siku mbili baadaye alimweleza mwandishi kilichokuwa kinapita moyoni.

"Nilifurahi," alisema. "Sitakudanganya. Nilifurahi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Nilimwona binti yangu amevaa sare ya kazi. Halafu nikawasikia hawa wa kwangu nyuma, wananong'ona, nikakumbuka kwamba wale wengine walitotolewa sinia moja na hawa. Saa hizo watakuwa wameshaanza kunyamaza. Kifaranga hajui alipandishwa nini."

Anateremsha mguu. Anamwambia dereva asizime gari.

"Zunguka," anasema.

"Nizunguke wapi?"

"Humu humu uwanjani. Usisimame mpaka nirudi."

Kwa hiyo dereva anaanza kuuzunguka uwanja wa forodha, polepole, kati ya malori yaliyopaki na watu wanaosubiri mihuri, na wavu wa gari unanong'ona kila anapopita. Mzunguko wa tatu mlinzi anamfuata kuuliza kama amekunywa. Dereva anamjibu kupitia dirishani kwamba anapunga upepo, na anaendelea.

Ndani ya ofisi, daktari ameanza kukusanya vitu vyake. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anakaa chini, taratibu. Anachoombwa ni kumpigia simu mwenzake wa uwanja wa ndege, maana wote ni wa idara moja, na kumwandikia kwamba wawili katika kila mia ni desturi ya biashara hii na hupitishwa.

"Unataka niandike kwa mkono wangu," anauliza, "kwamba kila wiki nimekuwa nikipitisha vifaranga wasio na hati? Kwa miaka tisa?"

Hilo nalo Mama Upepo hakuwa amelifikiria. Desturi ikisemwa mdomoni ni desturi. Ikiandikwa, inakuwa kosa lenye tarehe. Anakiri kwamba alitamani kugeuka aondoke, kwa kuwa mtu huyu hajamkosea kitu na ana watoto kama yeye. Lakini hakukaa, ingawa kiti kilikuwepo, wala hakutoka.

"Daktari," anasema, "wewe ulisomea kuwaponya. Kuwahesabu hata mimi naweza."

Daktari anavua miwani. Mwandishi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alidhani wanafukuzwa wote wawili. Mtu huyo anasugua macho kwa muda mrefu, anaivaa tena miwani, anavuta karatasi.

Anaandika, anafuta, anaandika upya. Mwisho anapata maneno ambayo ni ya kweli na hayamchomi. Kibali, anaandika, ni cha vifaranga elfu mbili walio hai kufikia banda la mnunuzi. Wawili katika kila mia ni badala ya watakaokufa, na mpaka idadi ya walio hai ihakikiwe bandani, hakuna aliyezidi. Anasaini, anagonga muhuri, anapiga picha kwa simu yake mwenyewe na kuituma. Kisha anapiga simu, na mabishano na ofisa wa uwanjani yanachukua zaidi ya nusu saa. Saa kumi inapita na mlango wa ofisi uko wazi.

Kabla ya kumkabidhi nakala, anaongeza jambo. Kuanzia wiki ijayo, anasema, hataki kuona hati isiyowataja. Kila mia iandikwe mia moja na wawili, mpakani na uwanjani, na mambo ya wa barabara yaishe. Mama Upepo anaitikia kwa kichwa. Wakati huo hakuitafakari sana kauli hiyo.

Vifaranga wa ndege wanaachiliwa saa kumi na nusu. Dereva anaambiwa aache kuzunguka. Mlinzi, ambaye mwishoni alikuwa amekaa kwenye tofali akiburudika, anatangaza kwamba amehesabu mizunguko thelathini na minane. Mshale wa mafuta umelala. Wanajaza tangi, wanaondoka, na mbele yao kuna kilomita 224.

Walifika saa mbili na nusu usiku. Wanawake wa chama walikuwa wamefungua ukumbi wao, taa zote zinawaka, maranda yamemwagwa sakafuni, maji ya vuguvugu tayari. Wale wa ndege walikuwa wamekwishaletwa na kutengwa upande wao. Walihesabiwa mmoja mmoja kutoka mkono hadi mkono, upande huu na upande ule, na katibu aliandika.

Barabarani, waliokufa walikuwa ishirini na watatu. Waliobaki hai ni elfu mbili na kumi na saba, yaani zaidi ya walionunuliwa. Angani, waliokufa walikuwa mia moja thelathini na mmoja, karibu wote wakiwa wamefia ghalani.

Dereva alipiga makofi peke yake. Mama Upepo alikuwa amechuchumaa upande wa vifaranga wa ndege, akiwachovya midomo majini mmoja baada ya mwingine, na alikataa kuinuka mpaka walipomaliza kunywa wote.

Uamuzi ulitolewa asubuhi yake, ndani ya ukumbi uleule. Mwenyekiti ni mwanamke mpole anayezungumza akitazama mikono yake. Alimshukuru kwanza. Alisema bila yeye wasingepata hata mmoja wa wale wa ndege. Kisha akasema kilichomleta.

"Dada, ndege haikuua kifaranga hata mmoja," alisema. "Kilichoua ni karatasi, na karatasi wewe umetutengenezea. Wiki ijayo watatua saa tano na saa saba watakuwa hapa, wanakula. Ningekuwa na sababu ya kusema vingine ningesema."

Mkutano ulipiga kura. Kazi yote ilikwenda kwa ndege.

Mwandishi alimwuliza kama anajuta kuingia tena ofisini kwa daktari. Alitembea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi kabla ya kujibu.

"Nimekasirika," alisema. "Niandike hivyo. Nimekasirika mpaka mikono inawasha. Laiti yule mama angenidanganya, ningepata wa kumtukana. Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini kujuta, hapana. Niliwachota kwa koleo mara moja. Sirudii."

Walirudi na maboksi matupu. Kwa kuwa nyuma hapakuwa na mtu wa kusikilizwa, dereva aliwasha redio, akaona inasikitisha, akaizima mwenyewe.

Kilomita tisini baada ya kuvuka mpaka walisimama kula, mezani, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, maana hata gari likiwa tupu Mama Upepo alizoea kuharakisha. Dereva alikaa. Mama Upepo alichukua sahani yake akawa anakula huku akitembea mbele ya maduka, na ndivyo alivyofika kwenye duka la vyakula vya mifugo. Mwenye duka, mwanamke wa rika lake, alimtazama, akalitazama gari, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe mnaweza kusimama," alisema. "Miaka yote naliona hilo gari linapita hapa kama limeiba."

Alimweleza, kwa namna ya kulalamika zaidi kuliko kufanya biashara, kwamba wateja wake wananunua chakula cha kuku lakini kuku wenyewe hawapatikani. Anayetaka vifaranga hamsini lazima apande basi mpaka mjini, na akirudi nao kwenye kapu, nusu wamekufa. Wangeletewa mlangoni wangelipa bila kunung'unika.

Mama Upepo aliweka sahani chini. Aliomba kalamu. Kwa kukosa karatasi, aliandika kwenye kifuniko cha boksi: jina la duka, wateja watatu, hamsini kila mmoja.

Kutoka hapo safari ilibadilika. Walisimama mji uliofuata, na uliofuata, na palipo na soko na palipo na shule yenye banda. Kila mahali alishuka kabla gari halijatulia, akauliza nani anafuga, akaandika. Alikuwa anasema peke yake kati ya kituo na kituo, anapiga hesabu ya muda, anamkatiza dereva, anafungua dirisha.

"Ule mstari wao," alimwambia mwandishi, macho yanamng'aa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ya safari. "Kilomita mia mbili arobaini na moja, na hakuna mtu hata mmoja anayeishi juu yake. Huku chini mimi nina watu njia nzima, na nilikuwa nawapita."

Si jambo jepesi. Meneja wa kituo amemsikiliza na kumpa sharti: mashine haiwashwi kwa oda za rejareja zisizofika elfu moja kwa wiki. Afikishe elfu moja, kila mteja akiwa ametoa nusu ya bei, ifikapo leo, Jumatatu, saa sita mchana. Akifikisha, gari litaendelea kuwa lake na malipo yatabaki yaleyale. Asipofikisha, gari linauzwa na dereva anahamishiwa kwenye kusambaza mayai.

Tangu wakati huo hajalala vizuri, kwa kauli ya mume wake, ambaye anasema humkuta ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda na kile kifuniko cha boksi mapajani. Juzi alipanda basi kurudi barabarani kwenda kuwatafuta waliosema watafikiria.

Jana jioni alipiga simu katika chumba cha habari. Oda zimefika mia tisa na arobaini. Sitini zilizobaki atazinunua mwenyewe, kwa fedha aliyokuwa ameweka ya kununulia mume wake cherehani ya umeme, na atawafuga uani.

Mwandishi alimwuliza mume amesemaje.

"Bado hajajua," alisema. Nyuma yake ilisikika kelele ya kituo cha basi, na alikuwa anahema kama mtu anayetembea haraka. "Lakini wewe andika tu. Yule huwa hasomi gazeti mpaka jioni, akishafunga kazi. Kufikia jioni nitakuwa nimeshalipa."